Breki za Mguu wa Tatu

Siku nilipostaafu, vijana wa karakana waliniandalia soda na maandazi, wakanipa saa ya ukutani, kisha Neema, fundi wetu wa umeme wa magari, akasema ingefaa niandike niliyoyaona kabla sijayasahau. Nilimjibu kwamba yapo niliyojaribu kuyasahau nikashindwa, kwa hiyo asiwe na haraka. Lakini nyumba yangu iko Ilemela, juu ya mawe, na asubuhi huwa ndefu kwa mtu aliyezoea kuamka na kwenda kujipaka grisi. Nimeanza kuandika.

Habari za vyeo na mishahara naziacha. Vyeo vyangu havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za breki, kwa sababu ndizo zilizonifanya niwe fundi, na ndizo zilizonifanya nisalimiwe kwa shingo upande na mafundi wenzangu kwa miaka mingi.

Nilifika Mwanza nikiwa kijana mbichi kutoka Majita, na cheti cha ufundi ndani ya bahasha. Siku ya kwanza katika karakana ya serikali nilipelekwa kwa fundi mkuu wa breki na usukani, Idi Rajabu. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyetoka Tabora, mama yake Msukuma, na yeye mwenyewe alizaliwa mjini hapa hapa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mipana, asiyependa maneno. Hakuiangalia bahasha yangu. Alinipa ufagio. Nilifagia hadi mchana, ndipo akaniita kwenye Landrova moja iliyokuwa imefungwa pedi mpya za breki, akaniambia niingie nikanyage.

Nilikanyaga. Nikasema breki ni nzuri. Akaniambia nishuke, nivue viatu na soksi, nipande tena.

"Kiatu kinaongopa," alisema.

Nilipokanyaga kwa mguu mtupu ndipo nikasikia pedali inabonyea kidogo kabla ya kushika, kama unakanyaga godoro lililotandikwa juu ya sakafu. Ule ulikuwa upepo kwenye mafuta ya breki. Yeye ndiye aliyeuacha makusudi, ili aone kama mtoto wa Majita ana mguu.

Katika miaka iliyofuata alinifundisha namna pedali inavyosema. Ipo inayokwenda chini sana, lakini ikifika inasimama imara kama jiwe: hiyo haina upepo, ina nafasi; ama viatu vya breki za nyuma vimelika na havijakazwa, au pedi mpya hazijasogezwa zikagusa diski. Ipo inayosimama vizuri, halafu ukiishikilia inazama polepole chini ya mguu wako, kama mtu anayelala kanisani: hapo mipira ya ndani ya masta silinda, ile pampu kuu ya breki, imekwisha. Na ipo ile inayobonyea na kukurudisha: huo ni upepo, au mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, umechoka na unavimba kila ukikanyaga. Kwa huo mpira, alitufundisha kuubana taratibu, gurudumu moja baada ya jingine. Ukibana mmoja na pedali ikawa ngumu, umempata mwenye kosa.

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa la mguu wa kwanza. Ukikanyaga breki yenye upepo mara mbili, mara tatu mfululizo, mafuta yanasukumana, upepo unabanwa, na pedali inapanda. Mguu wa tatu utakuambia breki ni nzima. Mwenye haraka atauamini. Kwa hiyo Mzee Idi akimaliza kufunga pedi mpya alikuwa anakanyaga mpaka pistoni zisogee na pedali isimame, kisha anashuka. Anakwenda kunywa kahawa. Akirudi anavua kiatu, anakanyaga mara moja tu, anatulia, kama daktari anayesikiliza kifua. Hapo ndipo anasema gari litoke au lisitoke. Sikuwahi kuona gari lililopita kwenye mguu ule likarudi na malalamiko.

Ikaja miaka ya tisini. Ninyi mlizaliwa mkakuta mambo yako hivi, hamwezi kujua jinsi yalivyotuangukia. Tulikuwa tumezoea kusubiri pedi kutoka bohari kuu mpaka tunasahau tulichoagiza. Ghafla biashara ikawa huria, na kila duka kuanzia mtaa wa Rwagasore hadi sokoni likawa na vipuri vimepangwa kama sabuni, na makasha yake yanang'aa. Ndani ya baadhi ya makasha hayo kulikuwa na pedi nilizoweza kuzimega kwa vidole. Magari yaliyokwisha kutumika nchi za watu yakaanza kuingia kwa wingi. Viwanda vya sangara vikafunguliwa kando ya ziwa, na kila aliyekuwa na jamaa mwenye hela akanunua pikapu ya kubebea samaki au dagaa.

Huku vitu vikiongezeka, watu walipunguzwa. Karakana ikaambiwa ibaki na mafundi wachache. Walianza na waliokaribia umri wa kustaafu, na Mzee Idi alikuwa miongoni mwao. Aliondoka na kisanduku cha spana zake, hakuna aliyemwandalia soda. Akafungua gereji bubu nyuma ya nyumba yake, Mabatini, chini ya paa la mabati manne. Wateja hawakumkosa. Mji mzima ulijua mkono wake.

Mimi nilibaki. Nikapewa pia kazi ambayo hakuna aliyeitaka, ya kukagua magari yaliyopata ajali ili mahakama ijue kama chanzo ni chombo au ni dereva. Ni kazi ya kunusa damu iliyokauka na kuandika kuhusu nati.

Ndipo likaja suala la pikapu ya Igombe.

Ilikuwa pikapu ya tajiri mmoja wa dagaa. Asubuhi moja ilikuwa inatoka Igombe kwenda Mwaloni, imepakia magunia ya dagaa, na juu ya magunia walikaa wanawake wawili wachuuzi, Anastazia na mwenzake aliyeitwa Mama Nyamizi. Dereva alikuwa Masalu, kijana wa Bujora, mtu wa kanisani, asiyekunywa. Kwenye mteremko wa mawe juu ya Kirumba, mkokoteni wa maji ulikatiza barabara. Pikapu haikusimama. Ikaukwepa mkokoteni, ikapanda ukingo, ikajipiga kwenye mwamba. Magunia yalirushwa, na wanawake wale wakarushwa pamoja nayo. Wote wawili walifariki palepale. Dagaa zilimwagika barabarani mpaka chini ya mteremko, na waliofika kwanza wanasema kulikuwa na watu waliozizoa kabla miili haijafunikwa. Naliandika hilo kwa sababu lilitokea, na kwa sababu njaa ya miaka ile nayo ina sehemu yake katika habari hii.

Masalu alivunjika mkono. Aliwaambia askari kwamba pedali ilikuwa laini, kwamba alikanyaga ikaenda chini, akakanyaga tena ikaenda chini, ya tatu ikashika lakini mwamba ulikuwa umeshafika. Aliyelikagua gari mara ya kwanza, mtu wa kituo kingine, aliikanyaga pedali katika uwanja wa polisi, akaikuta imesimama vizuri, akaandika kwamba breki ni nzima na pedi ni mpya. Sikumlaumu sana. Gari lilikuwa halijamaliza hata siku mbili juani, na kila aliyepita karibu yake alikuwa amejaribu kuipiga pedali ile teke. Kila mtu anaikanyaga breki ya gari la ajali. Sijui kwa nini, lakini ndivyo.

Kwa hiyo Masalu alionekana mwongo. Akashtakiwa kwa kusababisha vifo kwa uzembe, akawekwa mahabusu.

Mke wake, Kabula, alianza kuja karakana. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mimba, na alikuwa anatoka Bujora kwa baiskeli ya kupakiwa hadi Kisesa, kisha mjini. Hakulia wala kupiga magoti. Alikuwa anaketi kwenye tairi karibu na lango mpaka nimalize nilichokuwa ninafanya. Alinieleza kwamba mumewe alikuwa amelalamika nyumbani kuhusu breki zile tangu siku zilipofungwa pedi mpya. Alimwambia tajiri, tajiri akamjibu kwamba breki mpya huwa hivyo, zitajizoeza. Basi Masalu akajizoeza yeye. Akawa anakanyaga mara tatu kila anapotaka kusimama, na akifika juu ya mteremko anaanza kukanyaga mapema. Angeacha kazi angepata wapi nyingine.

Nilimuuliza kama mumewe ameyasema hayo ya kukanyaga mara tatu kwa askari. Akasema ameyasema, na ndiyo yaliyommaliza, kwa sababu waliandika kwamba hata kama ni kweli, basi alijua gari ni bovu na bado akaliendesha.

"Alijua," Kabula alisema. "Lakini hakuongopa. Naomba uangalie tu kama hakuongopa."

Niliomba kibali cha kulikagua gari upya, nikakipata kwa shida. Nilikwenda asubuhi, kabla ya watu kupita. Nilikuwa nimeomba lisiguswe siku nzima iliyotangulia. Mbele lilikuwa limebonyea upande mmoja, lakini mfumo wa breki ulikuwa haujakatika popote, na mafuta ya breki yalikuwa yamejaa kwenye kikombe chake. Nilivua kiatu. Nikakanyaga mara moja.

Pedali ilikwenda chini, laini, ikakaribia sakafu, ikanirudisha. Upepo, na si kidogo.

Nikakanyaga ya pili, ya tatu. Ikasimama. Pale mbele ya usukani uliopinda sasa nilikuwa ninakaa mahali alipokaa Masalu, na nilikuwa ninajua alichokijua mguu wake.

Nilianza kubana mipira ya breki mmoja mmoja. Nilipobana miwili ya mbele, pedali ikawa ngumu kwa mguu wa kwanza. Kwa hiyo tatizo lilikuwa mbele, na breki za nyuma peke yake, kwenye mteremko, na mzigo ule, zilikuwa kama kumshika ng'ombe mkia. Nikapiga jeki, nikatoa magurudumu ya mbele.

Nitaeleza kitu hiki polepole, kwa sababu kinaweza kumpata yeyote kati yenu. Ile kalipa inayoshika pedi ina skrubu ndogo ya kutolea upepo. Upepo ni mwepesi, hukaa juu. Kwa hiyo skrubu lazima iwe juu. Kalipa ya kushoto na ya kulia zinafanana kama mapacha. Ukizitoa zote mbili kuzisafisha kisha ukazirudisha kwa kubadilishana, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, zinaingia vizuri kabisa, nati zinafunga, pedi zinakaa. Ila skrubu zinakuwa chini. Hapo unaweza kutoa upepo kutwa nzima, yatatoka mafuta safi yasiyo na povu hata moja, na upepo wote umebaki juu, umekaa.

Skrubu za pikapu ile zilikuwa zinatazama chini. Zote mbili.

Na kitu kingine nilikiona, nikakaa chini kwenye kokoto. Pini zinazoshikilia pedi zilikuwa zimekunjwa ncha zake kwa nyuma, kisha zikakunjwa tena kama ndoano ndogo. Mafundi wengi wanakunja mara moja. Namjua mtu mmoja tu aliyekuwa anakunja mara mbili, na sisi aliotufundisha. Sikuhitaji kumuuliza tajiri nani alimfungia pedi zile. Nilimuuliza hata hivyo, nikitumaini. Akasema ni Mzee Idi wa Mabatini, na akashangaa kwamba naweza kumtilia shaka mtu kama yule.

Nilikwenda Mabatini alasiri. Sikupeleka habari, nilipeleka sukari na majani ya chai, kama mtu anayekwenda kusalimia, na njia nzima nilikuwa ninajiambia kwamba labda alikuwa anaumwa siku hiyo, labda kazi ilifanywa na mtu mwingine. Mkewe, Mama Salma, alinipokea mlangoni. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba kwa sauti ya chini, akanionyesha mahali mzee alipokuwa amekaa uani, mguu wa kulia juu ya kigoda, umefungwa kitambaa. Sikuwa nimemwona kwa muda mrefu. Alikuwa amekonda. Alinitambua kwa sauti nilipomwamkia, si kwa macho.

Tulizungumza habari za nyumbani, za karakana, za nani amekufa. Kisha nikamweleza kuhusu skrubu. Nilimweleza kama ninavyowaeleza ninyi, bila kutaja pini. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema haiwezekani, fundi gani mjinga anafanya hivyo. Alikuwa anaangalia mikono yake, na niliona anazihesabu kalipa kichwani, anazitoa, anaziweka kwenye karai la mafuta ya taa, anaziokota.

"Ni ile pikapu ya dagaa," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Waliokufa ni wangapi?"

Nikamwambia. Aliuliza majina, nikamtajia. Mama Salma alikuwa amesimama na birika, akaliweka chini.

Ndipo nikamuuliza swali lililokuwa linanitesa zaidi ya skrubu. Skrubu mtu anaweza kukosea, macho yakiwa na ukungu na mapacha yakichanganyika kwenye karai. Lakini mguu wa kwanza je? Hakukanyaga?

Mzee Idi aliinama, akafungua kile kitambaa. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na chini ya unyayo kulikuwa na kidonda ambacho ningeweza kuingiza kidole. Akaniambia kwamba ni msumari, aliukanyaga hapo hapo uani, akatembea nao siku mbili bila kujua mpaka Mama Salma alipoona damu sakafuni. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemwanza zamani, tangu karakana. Kwanza ganzi ya vidole, kisha unyayo, kisha mpaka juu ya kifundo. Hakumwambia mtu. Fundi wa breki asiye na mguu atamwambia nani.

"Nilikanyaga," alisema. "Nilikwenda kunywa kahawa, nikarudi, nikavua kiatu, nikakanyaga. Nilikanyaga vile ninavyokanyaga siku zote. Sikusikia kitu. Nikadhani ni kwa sababu hakuna kitu."

Nilikaa naye mpaka adhana ya magharibi. Kabla sijaondoka aliniuliza nitaandika nini. Nikasema nitaandika hali ya gari, lakini pia naweza kueleza ugonjwa wake, ili hakimu ajue kwamba haukuwa uzembe. Alikasirika kwa mara ya kwanza siku ile. Akaniambia niandike skrubu na niandike jina lake, na mguu wake niuache. Wale wanawake, alisema, walikaa juu ya magunia wakiamini gari lina breki. Hawakuulizwa kama fundi ana kisukari.

Niliandika nilichokiona kwenye gari na jina la fundi. Ugonjwa sikuuandika. Mpaka leo watu wananiuliza kama nilifanya sawa, na mimi huwajibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na ndiye aliyeniomba.

Habari zilizagaa kabla hata taarifa haijafika mahakamani. Karakana ilinigeuka. Tulikuwa mafundi wengi tuliopitia mikononi mwake, na kila mmoja aliona kwamba nimemuuza mzee ili kumwokoa dereva nisiyemjua. Mmoja, ambaye tulianza kazi mwaka mmoja, aliniambia mbele ya wote kwamba mwanafunzi mzuri angekwenda usiku akageuza zile kalipa. Nilimjibu kwamba huyo angekuwa mwanafunzi wa mtu mwingine. Hakuzungumza nami tena hadi alipohamishwa. Chai nilikuwa ninakunywa peke yangu, na spana nikiazima naambiwa haipo, hali naiona.

Siku ya kesi niliitwa kutoa ushahidi. Nilieleza, hakimu akaandika, mwendesha mashtaka akaniuliza iwapo inawezekana dereva mwenyewe ndiye aliyezigeuza kalipa baadaye ili kujitetea. Nikasema alikuwa mahabusu, mkono umevunjika. Kulikuwa na mnong'ono wa kicheko ukumbini, hakimu akauzima.

Kisha akaitwa Mzee Idi. Aliingia akiwa ameshikwa na Mama Salma upande mmoja, upande wa pili fimbo. Alikuwa amevaa kanzu safi na kiatu kimoja. Mguu mwingine ulikuwa na kitambaa. Alikula kiapo. Mwendesha mashtaka alianza kwa kumuuliza ana uzoefu wa miaka mingapi, na nadhani alikuwa anamtengenezea njia ya kukanusha, maana heshima yake mjini ilikuwa kubwa. Mzee hakujibu swali lile. Aligeuka kule alikosimama Masalu, na kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri, aligeuka zaidi ya inavyotakiwa, akawa anazungumza na ukuta.

"Kijana hakuongopa," alisema. "Pedali ilikuwa laini. Niliifunga mimi."

Masalu aliachiwa wiki chache baadaye. Ungedhani kulikuwa na furaha. Nje ya mahakama, kaka yake Anastazia, mvuvi kutoka Ukerewe, alinifuata na kunishika ukosi. Hakunipiga. Aliniuliza tu, kwa kuwa dereva ameachiwa na fundi ni mzee mgonjwa na tajiri amenunua gari jingine, sasa yeye akirudi kisiwani awaambie watoto wa dada yake kwamba mama yao ameuawa na nani. Nilimwambia sijui. Aliniachia ukosi, akaunyoosha vizuri kwa mkono wake, akaondoka.

Mzee Idi alifunguliwa kesi yake, lakini haikufika mbali. Walimkata mguu chini ya goti, halafu juu ya goti. Nilikuwa ninakwenda kumtazama Jumapili baada ya kanisa. Hatukuzungumza tena habari za pikapu. Alipenda nimsimulie magari yaliyoingia karakana wiki ile, na nikianza kueleza ubovu, ananikatiza kabla sijamaliza na kutaja kilichokufa. Hakukosea hata mara moja. Alifariki kabla ya mvua za vuli, na alizikwa siku ileile, kama ilivyo kawaida yao. Mafundi wa karakana walikuja wote. Waliosimama karibu nami kaburini walisogea mbali.

Masalu hakuendesha gari tena. Alirudi Bujora kulima pamba. Kabula alijifungua mtoto wa kike. Mahabusu ilimwachia Masalu kifua, akawa anakohoa, na mkewe aliniambia kwamba kila wakipata lifti ya kumpeleka hospitali anakataa kupanda, anasema ajali ikitokea njiani, watamshusha yeye na kumwita mwenye kosa. Kwa hiyo alikuwa anapelekwa kwa baiskeli, au haendi.

Siku ya tatu ya matanga ya Mzee Idi, nilikuwa nimekaa mkekani na wanaume wengine pale uani, Mabatini. Mtu aliingia akiwa na vumbi mpaka magotini. Sikumtambua mara moja kwa jinsi alivyokuwa amepungua. Alikuwa Masalu. Alikuwa ametembea kutoka Bujora, ameanza alfajiri. Waliomjua walinyamaza, na waliokuwa hawamjui walinyamaza kwa sababu ya wale waliomjua.

Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa nyumba, akavua kofia, akaomba Mama Salma aitwe. Mama Salma akatoka, amejifunika. Masalu alimwamkia, akakohoa kwanza, akasubiri kikohozi kiishe.

"Nimekuja kutoa pole, mama," alisema. "Mimi watu wote waliniita mwongo. Hata mchungaji wangu aliniambia nitubu. Mume wako ndiye aliyesema siyo."

Mama Salma alimshika mkono, akamwingiza ndani, akampa chakula peke yake. Alipotoka tena jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa ziwa. Nilimfuata mpaka barabarani. Nilikuwa nimekuja na gari la karakana, nikamwambia kwamba ninakwenda upande wa Kisesa, jambo ambalo halikuwa kweli, na kwamba angepanda angefika nyumbani kungali mchana.

Alilitazama gari kwa muda. Akanishukuru kwa yote, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeagana na mwalimu wake.

"Gari yako ni nzima, najua," alisema. "Nitatembea."